Goma mpaka Bukavu kwa bato ya mbao, bandari kwa bandari: maoni yangu na ya bibi yangu

Kila mtu yenye unamuuliza hapa Goma, Kongo, namna ya kwenda Bukavu kwa maji ya ziwa Kivu atakujibu kitu kimoja tu, kamata kano rapidi, ile bato ya mbio, masaa mawili na nusu ao matatu uko kule, unakunywa chai Goma unakula mchana Bukavu. Ni kweli, na kama uko na mgonjwa ao na kazi yenye inakungoja, nenda ukate tiketi ya rapidi, hii haikuhusu. Mimi naandikia wale wenye wako na nafasi kidogo, zaidi sana mtu na bibi yake, mtu na bwana yake, wenye wanataka kuona ziwa yao na si kupita juu yake. Sisi tulishuka pole pole, kwa mabato ya mbao ya watu wa soko: Kituku, Minova, Nyamukubi, kisiwa ya Idjwi, kisha Bukavu. Nasema bila kuogopa, ni safari nzuri kupita zote zenye tulishafanya tangu tuoane, na pia ni safari yenye inaweza kukuua kama hauangalii bato yenye unapanda. Hivi vitu viwili nitavisema pamoja juu kwa ziwa havitengani.

Mjue kwanza kwamba hii si kampuni. Hakuna biro, hakuna namba ya kupiga ili wakuwekee nafasi, hakuna kiti yenye iko na jina yako. Kuna bato ndefu za mbao, motere Yamaha imefungwa nyuma, mbao zimelazwa toka ubavu huu mpaka ule njo viti, bashe imefungwa kwa miti juu ya jua na mvua, na katikati ni mizigo: makala, mihogo, maharagwe, kreti za bia ya Primus, mbuzi wamefungwa miguu. Wewe na mbuzi mnalipia kwa konvwayere mmoja, kondakta wa bato. Tukijumlisha vipande vyote vya safari, chakula na kulala, bado tulitoa makuta (pesa) kidogo kuliko wenye walienda na kurudi kwa rapidi watu wawili. Beba franka za kutosha, tena za noti ndogo ndogo, juu huko kwa bandari ndogo dolari yenye imepasuka hata kidogo kwa kona hakuna mtu ataipokea, na hata ile mpya watakuchelewesha wakitafuta chenji.

Sasa Kituku. Wenye wanakaa upande wa Kyeshero wanaijua, ni soko na ni bandari vyote pamoja, mawe meusi ya volkano mpaka ndani ya maji, watoto na mama wanachota maji kwa mabido, chukudu, zile baisikeli za mbao za kubeba mizigo, zinashuka zimejaa, na kelele ya kila konvwayere anaita safari yake. Hakuna mahali pa kupandia pa maana, ni ubao tu umewekwa toka jiwe mpaka bato na unacheza ukikanyaga. Mama wenye wamebeba mtoto mgongoni wanapita pale kila siku bila kushika kitu. Kuna kijana wa mizigo ataruka kwa begi yako kabla haujafungua mdomo, patana naye bei kabla hajagusa, ongea naye kwa heshima, atakusaidia sana na atakuambia pia bato gani inaenda kweli na gani itakaa pale mpaka saa sita.

Hapa Kituku njo nataka kukaa kidogo, juu hapa njo unaamua kama utafika. Oktoba 3, 2024 bato yenye ilitoka Minova ilizama karibu kabisa kufika, watu wa Kituku wakiwa pwani wanaiona na macho yao inalala ubavu. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Kila mtu wa Goma anajua mtu yenye alipoteza mtu siku ile. Na mbele yake, Aprili 2019, ilikuwa ingine upande wa Kalehe, zaidi ya watu mia hawakuonekana, mpaka rais alifika na kuamuru kila msafiri avae jile, ile koti ya kuelea juu ya maji. Jile zipo sasa, kweli, utaona zimelundikwa chini ya bashe. Lakini jile yenye iko chini ya gunia ya makala haimsaidie mtu, na jile haipunguzi mizigo.

Bibi yangu alikulia Bukavu, kando ya maji, baba yake alikuwa anauza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, kwa hiyo yeye haangaliagi rangi ya bato wala motere. Anachuchumaa kwa jiwe, ananyoosha mkono kwa ubavu wa bato, kiwiko kwa maji, vidole juu. Kama ukingo wa bato unapita vidole vyake, tunapanda. Kama vidole vinapita ukingo, hatupandi, na anafanya hivyo wakati mizigo imekwisha kuingia na watu wamekwisha kuketi, si mbele, juu bato tupu zote ni nzuri. Asubuhi ile bato ya kwanza ilikuwa imebaki na kama upana wa viganja viwili tu juu ya maji na bado walikuwa wanaingiza sukari. Konvwayere akasema, mama ingia, hii bato tangu izaliwe haijawahi zama. Bibi yangu akamjibu, papa, aksanti sana, sisi tutangoja ingine. Hakumtukana, hakupigana, tulikaa tu. Mama mmoja mwenye alikuwa amekwisha keti na vikapu vyake alituangalia, akaangalia maji, akashuka na yeye, na konvwayere alikasirika kabisa. Bato ile ilifika salama, tuliikuta Minova. Hiyo haibadilishe kitu, kesho tungengoja tena.

Kitu kingine cha kuangalia ni saa. Kivu asubuhi inalala, unaweza kuona mlima ndani ya maji, lakini mchana upepo unaamka na kuanzia saa tisa hivi mawimbi yanakuwa mengine kabisa, na kuanzia Septemba wakati wa mvua dhoruba inaweza kuja ghafla, unaiona nyeupe inatoka upande wa milima na haukimbilie popote. Bato ya saa kumi na mbili ao saa moja asubuhi, basi. Kuna mabato yanasafiri usiku kucha mpaka Bukavu, watu wanayapenda juu unalala na unaamka umefika. Sisi tulikataa na nitawaambia mkatae pia, usiku hakuna mtu atakuona ukianguka.

Kutoka Kituku unaacha mji nyuma, volkano ya Nyiragongo juu yake na moshi wake, na mara moja unaelewa Goma imekaa wapi. Ile lava ya Januari 2002 yenye ilipasua mji ikaingia ziwani, na ile ya Mei 2021 yenye ilisimama mbele ya kufika katikati ya mji, ukiwa kwa nyumba unaisikia kama hadithi ya kata zingine, lakini ukiwa juu ya maji unaona mteremko wote kwa jicho moja, toka kichwa ya mlima mpaka kwa jiwe lenye umetoka kupandia bato. Bibi yangu alinyamaza muda mrefu akiangalia. Alisema tu, na sisi tunajenga.

Watu ndani ya bato wanaongeaga juu ya gaz ya chini ya ziwa. Kijana mmoja aliuliza kapiteni kama motere inaweza kuwasha ziwa, na wengine wakacheka lakini ni swali la haki, hawatufundishagi vizuri. Gaz iko, tena nyingi, metani na ile ingine ya kaboni, lakini imelala chini sana, zaidi ya mita 250, uzito wa maji ya juu yake unaifinya isitoke, na ziwa yetu inapita mita 470 kwa kina. Motere haiguse kule. Hatari ni siku kitu kikubwa kitakoroga ile chini, namna ilifanyika Cameroun kwa ziwa Nyos mwaka 1986, zaidi ya watu 1,700 walikufa usiku mmoja. Wenzetu wa Rwanda upande wa Karongi wanavuta ile metani na kutengeneza umeme. Ukiwa Idjwi usiku unaona taa za ng'ambo zinawaka, na kisiwani watu wanachaji simu kwa paneli ya jua. Hiyo iliniuma na bado inaniuma, ziwa ni moja.

Minova tulifika bado mapema. Bandari yake ni mchanga na matope, unaruka ao unabebwa, chagua kiatu ya kuvua haraka. Kama haujawahi fika Minova haujui chakula ya Goma inatokaga wapi: kitunguu, maharagwe, ndizi, mihogo, avoka zenye huku kwetu zinauzwa bei ya mayai, kule wanakulundikia. Barabara ikifungwa, na tulishaona ikifungwa, hii bandari njo inaamua bei ya sahani yako Birere na Virunga. Mama wa soko wenye tulisafiri nao wanaenda na kurudi hivyo wiki nzima, wanalala kwa magunia yao, na ni wao njo kampani nzuri kupita zote ndani ya bato. Kaa karibu nao. Wanajua kapiteni gani anakunywa.

Kulala Minova, niseme tu kitanda kilikuwa safi, maji ni ya ndoo, mlango unafunga. Lakini kula! Juu kidogo ya bandari kuna mama anakaanga sambaza chini ya mabati, hana jina ya restora, hana hata meza zaidi ya moja. Sambaza zake zilikuwa zimetoka majini usiku ule, ndogo urefu wa kidole, anazipitisha kwa chumvi na unga kidogo sana, mafuta iko moto kabisa, anazitoa mbele hazijakauka, unakula na kichwa na mkia. Bugali ya muhogo laini, pilipili ya kusaga na ndimu, na mboga ya lenga lenga. Nimekula sambaza maisha yangu yote, za Goma mara nyingi zimekaa, zinapigwa mafuta mara mbili ili harufu itoke. Hizi zilikuwa tamu ndani. Na muzee mmoja mwenye alikuwa anakula pembeni yetu alituambia yeye alizaliwa ziwa ikiwa haina sambaza, na ni kweli, zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaziweka huku na zikazaana, leo familia ngapi zinakula juu yake. Alama kumi juu ya kumi kwa yule mama. Fika mbele ya saa saba, kisha hapo zinaisha.

Nyamukubi hatukupanga kusimama sana. Bato ilikuwa inashusha chumvi na sabuni, tukashuka na sisi. Mei 4, 2023, mvua, mito ikashuka na mawe na miti kutoka milimani, Bushushu na Nyamukubi zikafunikwa, tena siku ya soko, watu wamejaa. Zaidi ya 400 walikufa, na wengine hawajaonekana mpaka leo. Mawe bado yako pale, makubwa kama nyumba ndogo, na kati yake watu wamejenga tena juu hawana mahali pengine. Ukiangalia milima nyuma yake unaona sababu bila kuambiwa, mteremko mkali na miti imekwisha. Sitatoa alama kwa mahali kama hapa. Nitasema tu kwa wenye watapita: simu zibaki mfukoni, salimia watu, nunua kitu. Tulinunua nyanya kwa dada mmoja kijana, akatuongezea bila kuombwa, bibi yangu akamuuliza watu wa nyumbani kwake hawajambo, akajibu wenye walibaki hawajambo.

Toka pale tukavuka Idjwi, na hii kipande njo ilikuwa na mawimbi, maji yalituingia mpaka kwa magoti, konvwayere na kijana wake wanachota na bido iliyokatwa na hakuna mtu anasema kitu. Kapiteni alikuwa mzuri. Hakupiga wimbi kwa ubavu, alikuwa anageuza kichwa cha bato kidogo, anapunguza mwendo, anapanda juu yake, anaongeza, na alivua kofia ili asikie motere vizuri. Nilimpa mkono tukishuka na nikamwambia mbele ya wote kwamba ametufikisha. Watu wa hii kazi hawashukuriwagi, wanasikiaga tu siku ya msiba.

Idjwi, jameni. Watu wa Goma tunaiona kila siku kwa mbali tukiwa Himbi na tunaishi bila kufika. Ni kisiwa kikubwa kupita vyote vya Kivu, watu wengi, milima, migomba, barabara ya udongo, motari wa pikipiki wachache, na amani yenye hata bibi yangu mwenye hapendi kutoka nyumbani alianza kuuliza bei ya shamba. Vita imepita kuzunguka hii ziwa miaka mingapi, kisiwa kikabaki kinapokea watu wenye wanakimbia, na hilo njo lilikilemea, watu ni wengi kuliko udongo. Tulishukia upande wa Bugarula, tukapata chumba kwa nyumba ya wageni ya kanisa, shuka imepigwa pasi, chai na ndizi ya kuchemsha asubuhi, mlinzi anasali kwa sauti usiku. Umeme ni wa jua, saa tatu unazimika. Maji ya kuoga wanakuletea moto ukiomba mapema, ukichelewa utaoga baridi. Kwa bei yenye wanaomba sina neno.

Ananasi ya Idjwi mnaijua kwa soko, lakini ile yenye inafika Goma imekatwa bado mbichi ili ivumilie safari. Kula yenye imeivia kwa shamba. Mtu wa shamba alitukatia moja na panga, akaondoa ganda kwa mistari ya kuzunguka, maji yakashuka mpaka kwa kiwiko, na katikati ile sehemu ngumu yenye huku tunatupaga, kule unaitafuna yote. Tulibeba zingine na zote zilioza kasoro mbili, lakini zile mbili familia ya Bukavu ilizigombania.

Na kahawa. Kila nyumba iko na miti yake ya kahawa nyuma. Wazee wanakuelezea namna miaka ile walikuwa wanabeba magunia kwa mitumbwi usiku kuvuka Rwanda kuuza kwa kujificha, juu huku bei ilikuwa hakuna, na wangapi walibaki majini, wajane wangapi. Kisha kooperative zikaanza, wanaosha kahawa hukohuko, wanauza inajulikana ni ya Kivu. Mama moja alituchomea kwa sufuria, akasaga kwa kinu, akapika bila sukari na kutuangalia usoni kama tutaikunja. Haikuwa na uchungu. Hapa Goma kahawa yetu ya asubuhi ni ya kopo kutoka nje, na miti iko pale ng'ambo ya maji.

Usiku toka nje uangalie wavuvi. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, miti ingine imenyooka mbele na nyuma kushika wavu, na wanatoka magaribi wakiimba, mmoja anaanza na wengine wanajibu kwa kupiga kasia, sauti inafika kwako mbele ya kuona kitu. Kisha taa zinawashwa moja moja juu ya maji ili sambaza zipande. Tulikaa kwa ukuta wa nyumba ya wageni, mimi na bibi yangu, kitenge moja juu ya mabega yetu wawili, hatuna mtoto anaita, hatuna simu inalia. Kwa wenye ndoa zao zimekuwa tu kazi na deni ya shule, naomba mfanye hii kitu. Alinieleza siku ile mambo ya baba yake yenye sikuwahi kusikia miaka yote, namna alikuwa anarudi asubuhi na magamba ya samaki kwa mikono na anawanawisha uso nayo.

Kutoka Idjwi kwenda Bukavu mabato ni mengi na asubuhi yanajaa haraka, na hapa tena ule mkono wa bibi yangu ulifanya kazi, bato mbili tuliziacha. Kaa upande wa kuume kama jua si kali, juu utapita ukiangalia milima ya Kalehe na Kabare na nyuma yao Kahuzi yenyewe, mita 3,308, na msitu wake. Kushoto ni Rwanda na kisiwa chao Nkombo. Maji yanapungua upana, vilima vinakaribia pande zote, na Bukavu inaanza kuonekana vipande vipande, rasi moja, kisha ingine nyuma yake, ni tano zimeingia ndani ya maji, nyumba zimepandana mpaka juu kabisa ya Kadutu. Mimi ni mtu wa Goma na sipendi kusema hivi, lakini kuingia Bukavu kwa maji ni kuzuri kuliko kuingia Goma.

Kisha unakaribia na unaona chupa za plastiki. Nyingi. Zinatoka kwa mitaro ya mji, mvua inazisukuma ziwani, maji yanazipeleka kwa mlango wa Ruzizi mahali ziwa inatokea kwenda Tanganyika, na kule zinaziba mashine za bwawa la umeme, mji unakosa taa juu ya taka zake wenyewe. Ndani ya bato yetu mtu alimaliza maji yake na kutupa chupa mbele ya macho yetu, bandari ya Muhanzi ikiwa inaonekana. Bibi yangu alimwambia kwa upole, kaka, nipe mimi nitakubebea. Alimpa ingine ya pili bila aibu na akaishika pia.

Beach Muhanzi kushuka ni vita, watu wa mizigo ni wengi kuliko mizigo, na kuna wenye wanakuomba kodi hii na kodi ile bila kukuandikia kitu. Omba karatasi. Wenye wako na kazi ya kweli wanakupa, wenye hawana wanaondoka. Andika pia jina yako kwa orodha ya wasafiri kila mahali unapanda, hata kama konvwayere anasema si lazima, juu siku ya ajali wale wenye hawakuandikwa ni kama hawakupanda, familia inazunguka hospitali na hakuna mtu anaweza kuthibitisha.

Kurudi tulikuwa na haraka, tukakamata kano rapidi, sitataja ya nani. Kiti nzuri, televizio, biskuti. Lakini walikuwa wameuza tiketi kupita viti, watu wamesimama kwa mlango wa kutokea, na jile yenye nilipewa ilikuwa imekatika mkanda. Nilipoonyesha, kijana aliniambia nishike tu mbele na mikono. Niliomba makuta yetu tushuke, wakakataa, motere ilikuwa tayari inazunguka. Mwishowe muzee mmoja wa kazi yao alitafuta ingine akaniletea, aksanti kwake, lakini kwa ile bei haipashwe kuwa hisani. Kwa hiyo msidhani mkono wa kupima ni kwa mabato ya maskini peke yake.

Kwa mama na dada: hakuna choo ndani ya bato za mbao, kipande cha Idjwi mpaka Bukavu ni kirefu, bibi yangu anasema usinywe chai mingi asubuhi, vaa kitenge juu ya suruali, na beba mfuko wa plastiki mgumu wa kuweka simu na karatasi zako. Miezi ya Juni mpaka Agosti ziwa iko na mvua kidogo lakini milima inafichwa na vumbi na moshi wa mashamba, picha hazitatoka nzuri. Mbele ya kufunga begi uliza bandarini kama njia ya maji iko wazi, inafungwaga na kufunguliwa bila kutangaza sana.

Na wenye wameniuliza kama wanaweza kwenda na watoto: kwa bato zote za mbao zenye tulipanda hatukuona hata jile moja ya mtoto, za wakubwa zinamtoka juu ya kichwa akiingia majini. Kama huna ya kwako yenye umenunua na umemjaribisha, waache kwa shangazi yao, muende wawili.